Belafonte: Mwigizaji Aliyejificha Ndani ya Wimbo

Kuna filamu ya mwaka 1954 inaitwa Carmen Jones. Iliongozwa na Otto Preminger, waigizaji wake ni weusi, na anayecheza Joe, mwanajeshi anayeharibikiwa na maisha kwa sababu ya mapenzi, ni Harry Belafonte akiwa na miaka 27. Ukiitazama leo utamwona kijana mrefu, mzuri wa sura, anafungua mdomo kuimba, halafu inatoka sauti ambayo si yake. Ni sauti ya LeVern Hutcherson, mwimbaji wa opera. Muziki wa filamu ile ulikuwa wa Bizet, na watengenezaji waliona unahitaji koo lililosomea kazi hiyo. Hata Dorothy Dandridge, anayecheza Carmen, alipachikwa sauti ya Marilyn Horne, binti wa kizungu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza.

Miaka miwili baadaye huyu huyu Belafonte alitoa santuri iitwayo Calypso. Ilikaa namba moja Marekani kwa wiki 31, ikauza nakala zaidi ya milioni moja, jambo ambalo kwa santuri ya msanii mmoja lilikuwa halijazoeleka. Yaani mtu aliyenyang'anywa sauti kwenye sinema ndiye aliyekuja kuwa sauti iliyoingia kwenye kila sebule ya Marekani.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu Aprili 2023, alipofariki nyumbani kwake New York akiwa na miaka 96. Jioni ile nilikuwa zamu kwenye chumba cha habari. Nikaambiwa niandike taazia, maneno 400, haraka, kabla ukurasa haujafungwa. Mhariri wangu akaja kusimama nyuma yangu, kama kawaida yake, akauliza: "Huyu tunamwita nani? Mwimbaji au mwigizaji? Chagua moja, kichwa cha habari hakina nafasi." Tukaandika mwimbaji. Hakuna aliyepiga simu kulalamika, na kwa wasomaji wetu jina lile lilikuwa ni Day-O na Malaika, basi. Lakini mwenyewe angepinga. Maisha yake yote alikuwa akisema yeye ni mwigizaji aliyejikuta anaimba. Mimi ninaamini alikuwa anasema kweli, na kwamba ukilishika neno hilo ndipo mengine yote aliyoyafanya yanapoanza kueleweka.

Tuanze na Harlem. Alizaliwa huko Machi 1, 1927. Mama yake, Melvine, alitoka Jamaika na alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Baba alikuwa mpishi wa melini, leo yupo kesho hayupo. Mtoto akapelekwa Jamaika kwa bibi yake, kijiji cha Aboukir, parokia ya Saint Ann, akakaa huko sehemu kubwa ya utoto wake kabla ya kurudi New York. Shule ilimshinda. Alikuwa na ile hali ya herufi kuchezacheza mbele ya macho, na zama zile mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mjinga tu. Akaacha sekondari, akaingia jeshi la majini wakati wa vita vya pili vya dunia, akatoka, akawa msaidizi wa mtunza jengo: kufagia, kutengeneza mapazia, kuzibua mabomba.

Mpangaji mmoja aliyetengenezewa kitu nyumbani kwake hakumpa fedha, alimpa tiketi ya tamthilia kwenye American Negro Theatre, kikundi cha maigizo cha weusi pale Harlem. Akaenda. Belafonte alisimulia mara nyingi kwamba hakuwahi kuona kitu kama kile: watu weusi jukwaani, wamesimama, wanasema maneno yenye uzito, na watu wengine wamenyamaza wanawasikiliza. Akajiunga kwa kujitolea. Hapo ndipo alipokutana na kijana mwingine fukara kutoka Bahamas, Sidney Poitier. Wawili hao walikuwa hawana hata senti ya kuwatosha wote kuingia ukumbini, kwa hiyo wakinunua tiketi moja. Mmoja anaingia sehemu ya kwanza ya mchezo, anatoka, anamsimulia mwenzake kilichotokea, na mwenzake anaingia sehemu ya pili. Ninaipenda sana habari hii. Walikuwa wanajifunza kuigiza na kusimulia kwa tiketi ile ile.

Baadaye akasoma maigizo kwa Erwin Piscator, mwongozaji wa Kijerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, darasa moja na akina Marlon Brando. Sasa fikiria: Brando anatoka pale anapata kazi. Belafonte anatoka pale na hakuna kazi, kwa sababu hakuna anayeandika tamthilia yenye kijana mweusi mwenye mapenzi, hasira na akili. Nafasi zilizopo ni za mtumishi anayefungua mlango. Kuimba kulianza kama njia ya kupata ada ya darasa na kodi ya chumba. Usiku wake wa kwanza kwenye klabu ya Royal Roost, mwaka 1949, waliopanda jukwaani kumsindikiza walikuwa ni akina Charlie Parker na Max Roach. Mtu mwingine angeona amefika. Yeye aliimba nyimbo za mapenzi za kawaida kwa muda, akarekodi mbili tatu, kisha akaacha. Hazikuwa na kitu cha kuigiza, akaona anapiga domo tu.

Akafungua mgahawa mdogo Greenwich Village, na huko akaanza kuwasikia waimbaji wa nyimbo za jadi. Akasafiri hadi Washington, kwenye maktaba ya bunge, kukaa na kanda za watu wa kawaida zilizokusanywa na akina Alan Lomax: wafungwa, wakulima, mabaharia, wanawake wa kanisani. Na hapo mwigizaji akapata alichokikosa kwenye filamu. Wimbo wa jadi una mtu ndani yake. Una mahali, saa, kazi inayoendelea mkononi, na shida. Mfungwa anapasua mawe huku anamsubiri mkewe. Mama anabembeleza mtoto huku kuna jambo hasemi. Ni tamthilia ya dakika tatu, na hakuna mzungu wa Hollywood wa kukwambia nafasi yako ni ya kufungua mlango.

Kwa sauti tu hakuwa bora kuliko wenzake. Tuseme ukweli. Odetta alikuwa na sauti inayotikisa kuta, na Belafonte mwenyewe ndiye aliyewasaidia watu wengi kumjua. Sauti yake yeye ilikuwa na ukwaru, na haikwenda mbali sana juu wala chini. Ila sikiliza rekodi ya onyesho lake la Carnegie Hall, Aprili 1959. Kwanza kalipanga onyesho lenyewe katika sehemu tatu, kama mchezo wa jukwaani: nyimbo za weusi wa Marekani, nyimbo za visiwa vya Karibi, halafu nyimbo za duniani. Kila wimbo anaingia kama mtu mwingine, anabadilisha lafudhi, anabadilisha umri. Kwenye Matilda anagawanya ukumbi, anawaimbisha wa juu peke yao, anawatania matajiri waliolipa viti vya mbele. Hapo unamsikia mwigizaji aliyenyimwa jukwaa kajijengea lake.

Kuna watu hawakufurahi, nao walikuwa na hoja. Kampuni ya santuri ilimpachika jina la Mfalme wa Kalipso. Trinidad, kwenye asili ya kalipso, watu wakauliza: mfalme wa nani? Kule mfalme hupatikana kwa mashindano ya kila mwaka, na mwaka ule ule wa 1956 aliyeshinda alikuwa kijana aitwaye Mighty Sparrow. Kalipso ni muziki wa kutunga papo kwa papo, wa mafumbo na kusutana, unamchana gavana na jirani kwa pamoja. Ni kama leo mtu wa Nairobi atoe albamu moja yenye vionjo vya pwani, halafu tangazo liseme huyu ndiye mfalme wa taarabu. Zanzibar hapatalalika. Day-O wenyewe si kalipso hata kidogo, ni wimbo wa kazi wa Jamaika. Belafonte alilikataa jina lile, lakini liliuza santuri na halikumwacha.

Halafu kuna suala la nani alitunga. Wimbo ule wa makuli wa ndizi ulikuwepo kabla yake. Edric Connor, Mtrinidad aliyeishi London, aliurekodi mwaka 1952. Umbo tunalolijua sisi lilitengenezwa na watu wawili. Mmoja ni Irving Burgie, mzaliwa wa Brooklyn ambaye mama yake alitoka Barbados, aliyeandika nyimbo nyingi kati ya zile za Calypso, na ambaye Barbados ilipopata uhuru mwaka 1966 maneno ya wimbo wake wa taifa yalikuwa yake. Mwingine ni William Attaway, na hapa wasomaji wa riwaya mtege masikio. Attaway alikuwa mwandishi wa Blood on the Forge, riwaya ya 1941 kuhusu ndugu watatu weusi wanaokimbia ukulima wa Kusini na kuishia kwenye viwanda vya chuma. Riwaya ilisifiwa, haikuuzwa, na Attaway hakuandika nyingine. Leo dunia nzima inaimba kazi ya mkono wake na karibu hakuna anayejua jina lake.

Mwaka juzi nilimfasiria mjomba wangu wimbo huu. Mjomba alifanya kazi ya ukuli bandari ya Tanga kwa miaka mingi, enzi ambazo meli zilitia nanga mbali kwa sababu ya kina, na marobota ya mkonge yakipelekwa kwa matishari. Alikuwa anaujua mdundo wake tangu ujana, kwa kuusikia redioni, ila maneno hakuyajua. Tukakaa barazani, nikamweleza: hawa wamebeba mikungu usiku kucha, sasa kunakucha, wanamwomba karani aje ahesabu mzigo waende zao kulala. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Karani mwenyewe anakuja?"

Nikamwambia wimbo hausemi.

"Haji," akasema. "Karani hajagi mapema. Usiku ukiisha wewe umeshapoteza hesabu, yeye anakuja na yake." Kisha akauliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: "Na huyu anayeimba, alishawahi kubeba?"

"Hapana, mjomba. Ila alilelewa na bibi yake kule kule, alikuwa anawaona."

"Basi alikaa na waliobeba. Inasikika."

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu kwa karibu miaka kumi imekuwa kwenda kwa watu waliobeba kitu, kuchukua maneno yao, na kuyapunguza mpaka yatoshe kwenye nafasi iliyobaki baada ya matangazo. Wavuvi, mama ntilie, walinzi wa usiku. Jina langu linawekwa juu, lao ndani, wakati mwingine halimo kabisa. Kwa hiyo maisha ya Belafonte ninayasoma kwa jicho hilo. Alikula kwa sauti za watu wengine. Sitaki kumlaumu kwa hilo, maana mwigizaji hana kazi nyingine. Ninachotaka kujua ni alizilipaje.

Sehemu ya jibu iko kwenye filamu aliyoifanya alipopata fedha zake mwenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1957, alicheza Island in the Sun, kijana wa chama cha wafanyakazi kisiwani ambaye yeye na mwanamke wa kizungu, Joan Fontaine, wanapendana. Wanapendana, lakini hawabusiani hata mara moja. Na bado Kusini mwa Marekani filamu ile ilizua kelele na Fontaine akaletewa barua za matusi. Belafonte akachoka. Akaanzisha kampuni yake, na mwaka 1959 ikatoa Odds Against Tomorrow, iliyoongozwa na Robert Wise. Ni habari ya watu watatu wanaopanga kuibia benki: askari aliyefukuzwa kazi, mzungu mwenye chuki kali na weusi, na mwanamuziki mweusi mwenye madeni ya kamari. Mwanamuziki ni Belafonte. Hakujipa nafasi ya malaika. Alijipa mtu aliyechanganyikiwa, baba asiyetimiza ahadi, mwenye hasira hadi kwenye nguo anazovaa. Mpango unaharibika kwa sababu yule mzungu hamwamini mweusi hata kwa ufunguo wa gari. Mwishoni wawili hao wanafukuzana juu ya matangi ya gesi, wanapigana risasi, yanalipuka, na wanaokuja kuokota maiti hawawezi kutambua yupi ni yupi.

Mswada wa filamu ile uliandikwa na Abraham Polonsky, mmoja wa waandishi waliofungiwa na Hollywood kwa kushukiwa ukomunisti. Jina lake halikuweza kutajwa. Lililowekwa ni la John O. Killens, mwandishi wa riwaya mweusi na rafiki wa Belafonte, aliyekubali kuazimisha jina lake ili mwenzake afanye kazi. Polonsky alirudishiwa haki yake rasmi mwaka 1996. Kwa miaka zaidi ya 35 filamu ikatembea na siri hiyo. Angalia mzunguko wenyewe: mwigizaji aliyewahi kufunikwa kwa sauti ya mwingine sasa anatengeneza filamu ambamo mwandishi mweusi anamfunika kwa jina lake mwandishi wa kizungu anayewindwa.

Baada ya mwaka huo Belafonte hakuonekana kwenye filamu kwa karibu miaka kumi na moja. Kazi zilikuja, akakataa. Porgy and Bess aliikataa, Poitier akaichukua. Alisema baadaye kwamba hata Lilies of the Field ilimfikia yeye kwanza. Aliona mhusika wake hana kwao, hana mpenzi, hana chochote isipokuwa kuwajengea watawa wa kizungu kanisa. Poitier aliichukua na mwaka 1964 akapata Oscar. Wapo wanaosema Belafonte alikuwa na kiburi. Labda. Mimi naona alikuwa na kitu ambacho Poitier hakuwa nacho: kila akikataa filamu, kulikuwa na ukumbi uliojaa watu waliolipa kumsikia akiwa mtu mwingine kila baada ya dakika tatu. Wimbo ulimpa uhuru wa kusema hapana.

Na ulimpa fedha, ambazo hakuzikalia. Alikutana na Martin Luther King mwaka 1956, wakazungumza kwa saa kadhaa kwenye chumba cha chini cha kanisa Harlem. Tangu hapo akawa mfuko wa harakati. Dhamana za waliokamatwa Birmingham mwaka 1963, yeye alikuwa kati ya waliozitafuta. Agosti 1964, mwezi ule ule ambao maiti za vijana watatu wa harakati zilifukuliwa Mississippi, alipigiwa simu kwamba fedha zimekwisha na vijana wanataka kukimbia. Akachangisha dola 70,000, akazitia kwenye mkoba kama wa daktari, akampigia Poitier. Wakaruka pamoja hadi Greenwood, na kutoka uwanja wa ndege wakafukuzwa na magari ya watu wa Ku Klux Klan barabarani usiku. Walifika. Ndio wale wale wa tiketi moja. Wakati huo wanaharakati wa Kusini walikuwa wameshauchukua ule wimbo wa makuli, wakaubadilisha maneno, karani akatoka, uhuru ukaingia.

Huku kwetu mkono wake ulifika mapema zaidi. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuwa Marekani anatafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, maana serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwaelimisha. Nafasi vyuoni zilipatikana, nauli haikuwepo. Barua ya kuomba michango ilitoka kwa majina matatu: Belafonte, Poitier na Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakapanda ndege. Mpango uliendelea, na mwaka uliofuata ndani ya kundi kubwa zaidi alikuwemo binti kutoka Nyeri aliyekuja kujulikana kama Wangari Maathai. Mwaka 1964 Belafonte aliwapeleka Guinea viongozi vijana wa harakati wakapumzike, akiwemo Fannie Lou Hamer na John Lewis. Lewis na mwenzake mmoja wakaendelea na safari barani, na Nairobi, hotelini, wakakutana kwa bahati na Malcolm X. Mazungumzo yale ya Nairobi yangestahili kitabu peke yake.

Halafu Malaika. Miriam Makeba alikutana na Belafonte London mwaka 1959. Akamsaidia kuingia Marekani, akamtafutia majukwaa, na mwaka 1965 wakatoa pamoja santuri ya nyimbo za Kixhosa, Kizulu na lugha nyingine, iliyopata Grammy mwaka uliofuata. Makeba akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo hiyo. Nyingi wanaimba kila mtu wake. Malaika wanaimba wote wawili. Kiswahili cha Belafonte humo, sitaki kuwadanganya, kina ugeni, irabu zinateleza kama samaki. Lakini namsikia anavyomwachia Makeba mbele na yeye anabaki nyuma nusu hatua, kama mwigizaji mzuri anayejua tukio hili si lake. Nani hasa aliutunga, huo ni mgogoro wetu wenyewe. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kudai ni wake hadi alipofariki mwaka 2001. Huku Tanzania jina la Adam Salim halijaacha kutajwa, na Mombasa nako wana lao. Wimbo ulizunguka dunia nzima na mwenyewe hajulikani kwa hakika. Burgie alilipwa, na jina lake lipo kwenye karatasi. Kwa Malaika deni bado liko mezani, na si la Belafonte peke yake.

Kiswahili kilimfuata tena mwaka 1985. Wazo la kukusanya wanamuziki wa Marekani kuchangia wenye njaa Ethiopia lilianza kwake. Usiku wa Januari 28 walipokuwa wanarekodi We Are the World, Stevie Wonder alitaka uwekwe mstari wa Kiswahili. Ukumbi ukavurugika, hadi ikabidi waelezwe kwamba Ethiopia hawasemi Kiswahili. Kila nikiitazama video ile nacheka. Lakini ninachokitafuta mimi ni Belafonte. Yuko nyuma, kwenye korasi. Mwenye wazo hana hata mstari mmoja wa kuimba peke yake, huku vijana wanabadilishana maikrofoni. Katikati ya uchovu mtu akaanzisha Day-O, na wote, mastaa wakubwa wa nchi ile, wakamwimbia. Sura yake pale ni ya mtu anayesikiliza.

Miaka ya baadaye alikuwa mkali, mara nyingine kupita kiasi kwa ladha yangu. Alimlinganisha Colin Powell na mtumwa wa nyumbani kwa bwana, akamtukana Bush akiwa Venezuela, akawasema wanamuziki vijana matajiri kwamba wamekaa kimya. Magazeti yaliyapenda hayo kwa sababu yanatosha kwenye kichwa cha habari.

Filamu yake ya mwisho ni BlacKkKlansman ya Spike Lee, mwaka 2018. Anaonekana kwa dakika chache tu. Ni mzee amekaa kwenye kiti, wanafunzi weusi wamemzunguka, anawasimulia jinsi Jesse Washington, kijana wa miaka 17, alivyouawa hadharani na umati huko Waco, Texas, mwaka 1916. Hakuna gitaa wala shati lililofunguliwa kifua. Sauti imekwaruka, maneno yanatoka moja moja, na vijana wameshika picha za tukio lile mikononi. Siku ya kupiga picha sehemu hiyo Lee aliwaagiza mafundi wake wote, wa taa, wa kamera, wa nyaya, waje wamevaa suti. Wakaja wamevaa, wakasimama gizani nyuma ya kamera, naye akaanza kusimulia.